Kona ya Fundi: vipuri vya tremolo, feiza na korasi

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa wapiga gitaa na udi wanaojiundia pedali zinazopeperusha sauti: tremolo (nguvu ya sauti inapanda na kushuka), feiza (sauti inazunguka), korasi (sauti ya pili iliyochelewa kidogo). Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja mara nyingi linamsaidia mwenziwe.

Assalaam alaykum. Naunda feiza kwa mchoro wa Phase 90, pedali ya MXR. Fundi mmoja ananiambia ninunue opampu (chipu za kukuza sauti) ghali za redio za kifahari, mwengine anasema TL072 yatosha. Nimsikilize nani? — Mpiga solo, Michenzani

Waalaykumu ssalaam. Msikilize wa pili. Phase 90 za mwanzo, za miaka ya 1970, zilitumia opampu za 741, ambazo leo hakuna mtu anayezisifu kwa sauti, na bado watu wanazitafuta pedali hizo kwa bei ya kuchekesha. Katika saketi za namna hii opampu ni mbebaji tu. TL072 ni nzuri, na 4558 utakayoing'oa kwenye amplifaya bovu pia ni nzuri.

Sauti ya pedali inatoka kwenye kile kipuri kinachobadilika ukinzani au muda huku LFO, yaani osileta ya polepole, ikikisukuma. Kwenye Phase 90 ni JFET nne, transista zinazotumika kama rezista inayoongozwa kwa volti. Kwenye pedali ya Uni-Vibe, aliyoibuni Fumio Mieda huko Japani, ni LDR nne, yaani rezista zinazobadilika kwa mwanga, zilizozunguka balbu moja. Kwenye korasi ni chipu ya kuchelewesha sauti. Fedha uliyotaka kuitia kwenye opampu nunulia JFET za ziada. Ukihitaji nne, nunua ishirini. Sababu iko kwenye barua inayofuata.

Feiza yangu inawaka, sauti inapita, lakini haizunguki. Inasikika kama gitaa lililofunikwa blanketi. Nilinunua J113 nne mtandaoni. Tatizo nini? — Msomaji, Wete

Kwanza tuhakikishe kwamba ulichonacho ni JFET. Transista za kawaida zilizofutwa namba na kuandikwa upya zimejaa sokoni, na macho hayazitambui. Weka multimita kwenye alama ya dayodi. JFET halisi inaonesha dayodi kutoka geti (mguu wa kuongozea) kwenda miguu yote miwili mingine, dreini na sosi, na kati ya miguu hiyo miwili umeme unapita pande zote mbili kama rezista ndogo. Transista ya kawaida nayo inaonesha dayodi mbili kutoka mguu mmoja, lakini kati ya ile miwili iliyobaki hapapiti kitu, upande wowote. Ukiona hivyo umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Usiangalie mpangilio wa miguu kwa mazoea: aina mbalimbali za JFET hutofautiana, kwa hiyo soma karatasi ya kiwanda ya ile uliyonayo.

Zikiwa halisi, suala linalofuata ni ulinganifu. JFET mbili za namba moja, za mfuko mmoja, si pacha. J113 kiwandani inaruhusiwa kufunga, yaani kukata mkondo, popote kati ya volti 0.5 na 3 chini ya sosi. 2N5952 iliyotumika kwenye Phase 90 ni kati ya 1.3 na 3.5. Geti zote nne zinasukumwa na volti moja ileile. Moja ikifunga kwenye volti 1 na mwenziwe kwenye 2.5, ya kwanza imeshalala wakati ya pili ndiyo kwanza inaamka. Hatua nne hazitembei pamoja, na mabonde mawili ya sauti (masafa yanayokatwa) yanayofanya feiza isikike hayajengeki.

Kuzipima ni kazi ya nusu saa. Chukua betri ya volti 9 na bredibodi (ubao wa kujaribia bila kulehemu). Dreini kwenye chanya, geti kwenye hasi, sosi kwenye hasi kupitia rezista ya 1M. Pima volti kati ya sosi na hasi: hiyo ni karibu sawa na volti ya kufungia. Iandike kwenye kipande cha karatasi ya gundi, ibandike mguuni, chukua inayofuata. Kisha kusanya nne zisizopishana zaidi ya volti 0.05. Ukipata za 0.02, bora zaidi. Katika ishirini kwa kawaida unapata kundi moja zuri, na zinazobaki zinafaa kwenye bafa (hatua inayopokea sauti bila kuikuza) na swichi.

Tahadhari moja inayowaponza wengi ni joto. JFET uliyoishika kwa vidole inasoma tofauti na iliyopoa. Itie kwa koleo, subiri namba itulie, na uzime feni, au basi feni iwake muda wote wa kupima zote. Usipime kumi mchana na kumi usiku.

Mwisho, rekebisha ile trima (potensiometa ndogo ya ndani) ya volti ya geti. Kwenye saketi yenye zena (dayodi inayoshikilia volti) ya volti 5.1 hakuna nafasi kubwa. JFET inayofunga kwa volti 4 au zaidi, kama baadhi ya J112, inaweza isifike mwisho wa safari yake, na ndiyo "blanketi" unalolisikia. Zungusha trima polepole huku ukipiga nyuzi zote wazi. Utakuta sehemu nyembamba ambapo mzunguko unaamka, na nje yake sauti imekufa. Ukikosa hata hapo, angalia kapasita nne za 47nF, zile zilizoandikwa 473. Kwa 47nF na rezista ya 22k sambamba na JFET, kitovu (masafa ya katikati) cha kila hatua huanza karibu na 154Hz, na JFET ikifunguka hadi 1k kinapanda mpaka karibu na 3.5kHz. Mtu aliyetia 474 kwa bahati mbaya anakishusha kitovu hicho mara kumi. Sehemu kubwa ya duru mabonde yanakwenda chini kuliko gitaa lenyewe, na mzunguko hausikiki vizuri.

Tremolo yangu inakwenda mbio hata nikiiteremsha mwisho. Nataka iende polepole kama wimbi la maji kujaa. Nilijaribu kutia kapasita ya 10µF ya elektroliti, ikasimama kabisa. — Mpiga gitaa, Jang'ombe

Kwa LFO ya opampu mbili, inayotoa wimbi la pembetatu, hesabu ni fupi: masafa ni R2 gawanya kwa (4 × R × C × R1). R1 ni rezista inayotoka kwenye pembetatu kwenda mguu wa chanya wa opampu ya pili, R2 inarudi kutoka tokeo lake, R na C ni za opampu ya kwanza. Kwa R1 ya 47k, R2 ya 100k, C ya 1µF, na R ikiwa potensiometa ya 1M iliyofuatana na 68k, unapata kuanzia 0.5Hz hadi karibu 7.8Hz. Kwa tremolo hayo ni masafa mazuri. Ukitaka wimbi la maji kujaa, badilisha C iwe 4.7µF: sasa unakwenda kati ya 0.11Hz na 1.7Hz, yaani duru moja hata sekunde tisa. R1 isiikaribie R2, maana LFO itakwama.

Yako ilisimama kwa sababu ya uvujaji. Potensiometa ya 1M ikiwa mwisho, mkondo unaochaji kapasita ni kama mikroampia 3 tu. Elektroliti ya kawaida inaruhusiwa na kiwanda kuvuja kiasi hichohicho, na iliyokaa dukani miaka huvuja zaidi. Unajaza mtungi uliotoboka. Halafu kapasita hiyo inapinduliwa chanya na hasi kila duru, jambo ambalo elektroliti haipendi. Tumia ya filamu, ile ya kiboksi ya 1µF, nne au tano sambamba. Au seramiki ya X7R ya 4.7µF, volti 25 kwenda juu. Seramiki hapa haina kosa kwani haipitishi sauti. Kwenye njia ya sauti yenyewe tumia filamu kwa 10nF hadi 220nF, na seramiki ya C0G kwa pikofaradi. Zile seramiki rahisi za Y5V ziache kabisa: kwa mujibu wa kiwango chake zinaweza kupoteza hadi asilimia 82 ya thamani joto likibadilika.

Potensiometa ya kasi ikiwa ya mstari sawa, herufi B, kasi yote inajazana kwenye robo ya mwisho. Inayotakiwa ni ya herufi C (logi kinyume). Ukiikosa, na utaikosa, tia ya herufi A (logi) na uzifunge nyaya kinyume. Kasi itapanda ukizungusha kushoto. Unazoea.

Kila LFO inapozunguka nasikia tik, tik, tik kwenye spika, hata nisipogusa nyuzi. Nimebadilisha adapta mara tatu. — Msomaji, Mwanakwerekwe

Adapta haina hatia. Tik-tik inazaliwa ndani ya boksi lako, pale wimbi la mraba la LFO linaporuka kutoka juu kwenda chini. Mruko huo unavuta mkondo kwa ghafla, mkondo unatikisa volti ya chanya au ya ethi, na saketi ya sauti inayoshirikiana waya huo inausikia. Kisha amplifaya inaukuza.

Fuata mpangilio huu na usiruke hatua, kwa sababu ya kwanza ndiyo inayotibu wengi. Waya wa ethi wa LFO utoke peke yake mpaka kwenye jeki ya umeme, usipitie ethi ya sauti. Kwenye verobodi (ubao wenye mistari ya shaba) watu huunganisha zote kwenye mstari mmoja mrefu, LFO mwishoni na ingizo la gitaa katikati, na hapo tik inapata barabara. Kisha LFO ipate umeme kupitia rezista ya 100Ω na kapasita ya 100µF kwenda ethi. Kichujio hicho kinaanza kazi karibu na 16Hz, kwa hiyo mzunguko wa polepole kinauacha lakini ncha kali ya mruko kinaimeza. Ukitumia milliampia 5 unapoteza nusu volti tu.

Ikibaki, toa TL072 kwenye LFO utie TL062. Miguu ni ileile. TL072 inakula kama milliampia 1.4 kwa kila opampu, TL062 mikroampia 200. Chenye njaa ndogo kinatikisa kidogo. Ndiyo maana tunashauri soketi: chipu usiilehemu moja kwa moja.

Kisha itazame ile LED inayopepesa kuonesha kasi. Watu wanaisahau, nayo peke yake inaweza kuvuta milliampia 8 na kuziachia mara tano kwa sekunde. Tia LED angavu na rezista ya 10k. Itaonekana vizuri hata jukwaani Ngome Kongwe. Jambo la mwisho ni nyaya: waya unaotoka LFO kwenda potensiometa ya kasi usilale kando ya waya wa ingizo. Vikilazimika kukutana, vikatane kama msalaba. Volti ya katikati nayo, ile ya 4.5, LFO iwe na yake na sauti iwe na yake. Rezista mbili za 10k na kapasita ya 47µF hazitakufilisi.

Nataka kutengeneza vaktroli (LED na LDR zilizofungwa pamoja gizani) mwenyewe kwa ajili ya tremolo. LDR ipi na LED rangi gani? — Mwanafunzi wa ufundi, Chake Chake

LDR za kadimiamu salfaidi zinaona vizuri zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 540. Kwa hiyo LED ya kijani au manjano. Nyekundu inafanya kazi lakini unailisha mkondo mwingi kupata matokeo yaleyale. Kwenye familia ya GL55, GL5516 ina kilo-ohmu 5 hadi 10 kwenye mwanga wa lux 10 na angalau 500k gizani, GL5528 ni 10 hadi 20 na 1M, GL5539 ni 50 hadi 100 na 5M. Kwa tremolo inayozamisha sauti kwenye ethi chagua GL5516 au GL5528. LDR ikishuka hadi 500Ω mbele ya rezista ya 10k, sauti inapungua desibeli 26. Ukiifanya rezista hiyo 47k, karibu 40, yaani inakatika kabisa. GL5539 haishuki kiasi hicho, na ndiyo maana tremolo nyingi za kujitengenezea zinanong'ona tu.

Sugua kwa msasa kichwa cha LED kiwe bapa, kikutane na uso wa LDR bila nafasi. Vyote viingie kwenye mpira mweusi wa kusinyaa kwa joto, ncha zote mbili zizibwe. Jaribu kwa kupima ukinzani gizani, kisha toka nao juani. Namba ikishuka, mwanga unaingia, na pedali yako itabadilika tabia kila ukipiga mchana. LED ilishwe na transista ya BC547, milliampia 5 hadi 10. Opampu moja kwa moja huchoka.

LDR ni mzito kuamka na mzito zaidi kulala, milisekunde 20 hadi 30 kwa aina hizi. Ukiipeleka zaidi ya 8Hz kina kinapungua. Wengine wanaona hilo ni kasoro. Sisi tunaona ndilo linaloifanya tremolo ya LDR iwe laini sikioni, kwani pembe kali zimeshamung'unywa.

Napiga udi kwenye taarab, nimebandika pikapu ya pizo. Nataka korasi nyepesi. Nimeona chipu za kuchelewesha sauti, MN3007 na MN3207, ninunue ipi? Na je, PT2399 kutoka kwenye mashine ya karaoke itafaa? — Mpiga udi, Mji Mkongwe

PT2399 iache kwenye karaoke. Uchelewesho wake mfupi kabisa ni kama milisekunde 30, na hapo sikio linaanza kusikia mwangwi. Korasi inaishi kati ya milisekunde 5 na 20.

Nunua MN3207 pamoja na MN3102 ya kuipigia mapigo, au wenzao wa leo, V3207 na V3102, BL3207 na BL3102. Zinaridhika na volti 5 hadi 9. MN3007 na MN3101 ni za umeme hasi, zinapenda hadi volti 15, na japo zina miguu minane inayofanana, pacha hizi hazibadilishani: ukiitia moja mahali pa nyingine unaiunguza. MN3207 mwisho wake ni volti 10. Adapta ya zamani isiyodhibitiwa, iliyoandikwa 9 lakini inatoa 13 isipobebeshwa mzigo, inatosha kuiua. Tia kidhibiti volti cha 78L05 au 78L08 mbele yake.

Chipu hii ina vituo 1024. Uchelewesho ni 1024 gawanya kwa mara mbili ya masafa ya mapigo: kwa 100kHz ni milisekunde 5.12, kwa 50kHz ni 10.24. Mbele na nyuma yake weka kichujio kinachokata juu ya 7 hadi 10kHz, la sivyo utasikia mluzi. Usipopata sauti kabisa kwenye upande wa korasi usikimbilie kusema chipu ni feki. Mara tisa katika kumi ni trima ya volti ya ingizo. Izungushe: sauti itatokea mahali fulani, itasafika, kisha itakwaruza tena. Weka alama ncha mbili, simama katikati.

Sasa udi. Pizo ni kapasita ndogo inayozaa umeme. Ukiichukulia 1nF na kuichomeka kwenye ingizo la 100k, kila kilicho chini ya 1.6kHz kinanyongwa, na ndiyo ile sauti ya kopo. Kwa 4.7M mpaka unashuka hadi 34Hz. Tia bafa ya TL072 mlangoni, rezista ya 4.7M kwenda volti ya katikati, kapasita ya filamu ya 10nF au zaidi mbele yake. Hapo usitumie 4558.

Na kina cha korasi kiwe kidogo mno kuliko unavyodhani. Korasi inapanda na kushuka toni. Uchelewesho ukitembea milisekunde 2 kwa kasi ya 1Hz, toni inayumba kama senti 7 kila upande, ambapo nusu toni ni senti 100. Ukitembeza milisekunde 4 kwa 3Hz, inayumba senti 41. Robo toni ya maqamu ni kama senti 50. Yaani kwa mkono mzito wa korasi, nota uliyoitafuta kwa kidole pedali inaihamisha karibu mpaka nota ya jirani, na mpiga kanuni atakutazama kwa jicho baya. Anza na 0.5 hadi 0.8Hz, milisekunde 1 hadi 2, na sauti kavu iwe kubwa kuliko iliyocheleweshwa.

Pedali yangu ilikuwa nzuri, baada ya masika imeanza kuvuma na feiza inahama yenyewe. Naishi karibu na pwani. — Msomaji, Nungwi

Ni mabaki ya flaksi (dawa ya lehemu) kwenye verobodi yamekunywa unyevu wenye chumvi. Kati ya njia mbili pametokea rezista usiyoitia, na kwenye sehemu za megaohmu hata uvujaji mdogo unahamisha volti ya geti. Sugua upande wa lehemu kwa mswaki mkavu na spiriti ya isopropili, isiyo na maji mengi, mara mbili, kisha kausha kwa pumzi ya joto kidogo. Ikinyamaza, paka vanishi ya saketi juu yake, lakini zifunike kwanza trima, soketi na potensiometa, maana vanishi ikiingia humo utarudi kutuandikia.